Kuhosti tovuti za watu bure hapa Nairobi, na pesa itatoka wapi

Wale mnatengeneza tovuti hapa tao mnajua hii hadithi. Klaenti anakubali bei ya kazi vizuri kabisa, halafu ukimwambia kuna pesa ya domeini (jina la tovuti) na ya kuhosti (nafasi ya kuiweka kwa seva) kila mwaka anaanza kusema atakupigia. Na si ati ni mchoyo. Fundi wa makochi pale Ngong Road au dada wa saluni Umoja anahitaji ukurasa mmoja tu, uwe na picha za kazi yake, bei, namba ya simu na mahali anapatikana. Mimi naamini mtu mmoja au wawili wanaweza kuanzisha huduma ya kuwahosti hawa bure na bado walipe rent, bora hiyo bure iwe ndogo na iwe na mipaka kuanzia siku ya kwanza.

Juu kinachokula seva si kurasa. HTML (maandishi ya ukurasa wenyewe) na picha kadhaa ni nyepesi sana, seva ndogo ya kukodi inabeba maelfu ya hizo. Kinachokula ni PHP na MySQL, yaani programu na hifadhidata za kutengeneza ukurasa upya kila ukifunguliwa, kama WordPress yenye plagini (vipande vya kuongeza) 30 ambazo hakuna mtu anaziapdeti, moja inadukuliwa inaanza kutuma spamu usiku kucha na anwani ya IP ya seva inaingia blaklisti, sasa hata imeili za wateja wanaolipa hazifiki. Ni kama ploti ya Pipeline yenye tanki moja la maji, mpangaji mmoja akiacha mfereji wazi wote wanaamka kukiwa kukavu. Kwa hivyo bure iwe HTML, CSS (ya rangi na mpangilio) na picha peke yake, mega 100, na kwa seva ufunge kabisa poti 25, mlango wa kutuma imeili. Mwenye anataka WordPress alipe, akae kwa seva tofauti.

Na hizo picha uziangalie. Simu za siku hizi picha moja ni mega 4 ama 5, so dada wa saluni akipandisha 20 amejaza nafasi yake karibu yote, na mteja wake aliye na bando ya bob 20 hawezi kungoja zifunguke. Weka skripti ya kuzipunguza zenyewe zikiingia, kilobaiti 150 hivi kila moja, kwa skrini ya simu hakuna mtu ataona tofauti.

Kwa upande wa programu usikimbilie cPanel, ile programu maarufu ya kusimamia akaunti kwa seva. 2019 walibadilisha bei wakaanza kulipisha kulingana na idadi ya akaunti, na biashara ya akaunti nyingi za bure haiwezi kubeba hiyo hesabu. HestiaCP inafanya kazi hiyo hiyo na ni ya bure, na kwa HTML tupu hata Nginx (programu ya bure ya kutoa kurasa) na skripti zako zinatosha. SSL (ile kufuli ya usalama kwa kivinjari) pia usilipie, Let's Encrypt inatoa bure na cheti kimoja cha waildikadi kinafunika subdomeini zote (majina ya wateja chini ya domeini yako). Kumbuka tu seva nyingi zinalipwa kwa dola, na mwanzo wa 2024 tuliona dola ikigusa karibu shilingi 160 kabla ya kurudi kama 130, kwa hivyo bei zako za shilingi ziache nafasi ya kupumua.

Pesa yenyewe inatoka kwa mtu ambaye ukurasa wake umeanza kumletea kazi. Huyo sasa anataka jina lake la .co.ke badala ya subdomeini yako, na anataka imeili yenye jina la biashara ya kuweka kwa invoisi. Domeini za .ke zinasimamiwa na KENIC na zinauzwa kupitia mawakala wao, so unaweza kuanza kwa kuuza chini ya wakala. Malipo weka M-Pesa kupitia Daraja (mfumo wa Safaricom wa kuunganisha tovuti na M-Pesa), ombi litokee kwa simu yake aweke PIN na imeisha. Matangazo kwa kurasa za watu mimi nakataa kabisa, utamwekea fundi wa makochi tangazo la duka kubwa la fanicha juu ya picha zake mwenyewe?

Sasa kazi kubwa, matapeli. Kitu chochote cha bure mtandaoni wao ndio hufika kwanza. Freenom walikuwa wakigawa domeini za .tk bure, zikatumiwa na matapeli hadi Meta ikawashtaki, na 2024 wakatangaza wanatoka kwa hiyo biashara. Kwako itakuwa hivi: akaunti inafunguliwa saa nane usiku, faili moja ya zip inapandishwa, na asubuhi kuna ukurasa wenye nembo ya benki ukiomba namba ya akaunti na PIN. Google wakiuona wanaweza kuweka ile onyo nyekundu kwa domeini yako nzima, na dada wa saluni anaonekana mwizi. Kwa hivyo kurasa za bure zikae kwa domeini tofauti na ya kampuni yako, na uiombee nafasi kwa Public Suffix List, orodha ambayo vivinjari husoma, ili vivinjari vijue kila subdomeini ina mwenyewe. Usajili uthibitishwe kwa namba ya simu. Na ukurasa wowote wenye sehemu ya kuandika paswadi usiende laivu kabla mtu auangalie kwa macho, juu fundi wa makochi anaomba paswadi ya nini?

Paswadi za wateja wako nazo zihifadhiwe kwa hashi, yaani zigeuzwe herufi ambazo haziwezi kurudishwa kuwa paswadi. 000webhost, huduma ya kuhosti bure, walizihifadhi wazi wazi, na 2015 data ya akaunti zaidi ya milioni 13 ikavuja hivyo hivyo. Hapa Kenya Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu hata kama hulipishi mtu, data ikivuja na kuna hatari kwa wenyewe una saa 72 kumwarifu Kamishna wa Data.

Na upange mapema vile utafunga ikibidi. GeoCities, huduma ya kurasa za bure, ilianza 1994, Yahoo wakainunua 1999 kwa mabilioni ya dola, 2009 wakaizima na kurasa nyingi za watu zikaenda nayo. Weka batani ya kupakua tovuti yote kama zip, ifanye kazi wakati wowote hata kwa asiyelipa, na uandike kwa masharti kwamba ukifunga utawapa watu miezi mitatu na ujumbe kwa simu.