Kijitabu cha karatasi moja kwa wanaojifunza Kiingereza Nakivale

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda, nafundisha Kiingereza watu wazima kutoka Kongo na Burundi. Shida ilikuwa vifaa. Fotokopi za kurasa nyingi ni ghali, na faili nililowatumia walimu wenzangu lilifunguka kwenye simu zao limevurugika, picha huku, maneno kule.

Nikaamua somo zima likae upande mmoja wa karatasi ya A4. Ilaze kwa upana, igawe visanduku vinane, safu mbili za vinne. Safu ya chini, kuanzia kushoto, ni ukurasa wa 6, 7, 8 na 1. Ya juu ni 5, 4, 3 na 2, maandishi yakiwa yamepinduliwa kichwa chini. Hapo ndipo wengi hukwama. Kunja mistari yote, ifungue, kisha kata mkunjo mrefu wa katikati, kwenye visanduku viwili vya kati tu. Ikunje tena kwa urefu, sukuma ncha mbili zikutane: kijitabu tayari, bila gundi wala pini.

Faili nalihifadhi kama PDF, michoro ya mistari myeusi tu. Mpangilio haubadiliki, na linapita kwa Bluetooth bila bando.

Ndani sikuweka masomo ya theluji na mengine yaliyo mbali na maisha ya hapa. Kuna bei ya matoke, kuelewana na mtu wa boda, kumweleza nesi homa ya mtoto. Haya ndiyo wanafunzi wangu wanayoyahitaji kesho asubuhi, na kijitabu kinaingia mfukoni.