Neno Nililomwambia Yatima

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu katika imani.

Wiki hii sijakosa swala hata moja ya jamaa, na bado moyo wangu haukutulia, kwa sababu ya neno nililolitamka mwenyewe nyumbani kwangu. Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu ninayemlea tangu akiwa darasa la tano, alipata wastani wa D+ katika mtihani wa kidato cha nne. Nilimwambia mbele ya wageni waliokuja kunywa kahawa kwamba amepoteza karo yangu na kwamba hatakuwa mtu. Hakunijibu. Aliinamisha kichwa, akakusanya vikombe kwenye sinia na kuingia ndani, nami nikaendelea na mazungumzo.

Usiku huo imamu alisoma Suratul Dhuha katika swala ya Isha. Alipofika pale Mwenyezi Mungu anapomwambia Mtume wetu, ambaye naye alikuwa yatima, kwamba yatima asimwonee, nilishindwa kuyazuia machozi.

Nilipotoka msikitini nilimkumbuka marehemu Profesa Ali Mazrui, mwanazuoni wa siasa aliyejulikana duniani, aliyezikwa Oktoba 2014 katika makaburi ya ukoo wao karibu na Fort Jesus. Sisi watu wa Mombasa hupenda kumtaja kama fahari yetu, lakini tunamtaja kuanzia mwisho, alipokwisha kufanikiwa. Alizaliwa hapa mwaka 1933, mwana wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya na mwanachuoni aliyechapisha magazeti ya Sahifa na Al-Islah ili kuwaamsha Waislamu wa pwani. Baba huyo alitamani mwanawe asome Al-Azhar afuate njia yake, lakini alifariki mwaka 1947, na kijana akabaki yatima akiwa na umri wa miaka 14. Baada ya msiba huo alifanya mtihani wa cheti cha Cambridge akapata daraja la tatu, na Makerere haikumkubali. Mtoto wa Kadhi Mkuu akawa karani katika chuo cha elimu ya Waislamu kilichokuwa hapa Mombasa, kile ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Ni katika ukarani huo ndipo mlango ulipofunguka. Alihutubu katika hafla ya Maulidi, akimzungumzia Mtume, na Philip Mitchell, Gavana wa Kenya wakati wa ukoloni, akiwa miongoni mwa wasikilizaji, na hotuba hiyo ikamsaidia kupata nafasi ya kwenda kusoma Uingereza. Mwaka 1960 alipata shahada yake Manchester, mwaka 1966 ile ya uzamivu Oxford, na Makerere ile ile iliyomkataa ikamfanya profesa na mkuu wa idara ya sayansi ya siasa. Julius Nyerere naye alichunga mbuzi Butiama na hakuanza shule mpaka alipofika umri wa miaka 12.

Sisemi haya ili tuwaahidi watoto wetu uprofesa au urais, kwa maana wengi walioanguka mtihani wameishi na kufa bila ya kujulikana, na huenda mbele ya Mola wao wakawa na daraja tusiyoiota. Ninalolisema ni kwamba sisi wazazi na walezi tumejipa hukumu isiyokuwa yetu. Katika Suratul Hujurat tumekatazwa kuwadharau wenzetu, kwa sababu huenda wakawa bora kuliko sisi, na hakuna mahali tulipoambiwa kwamba katazo hilo halihusu watoto wanaokula kwenye meza zetu. Katika Suratu Abasa, Mtume mwenyewe alizinduliwa kwa kumkunjia uso kipofu mmoja, Ibn Umm Maktum, ingawa kipofu huyo hakusikia tusi lolote, wala hakuuona uso uliokunjwa. Basi tutasema nini sisi tunaowavunja watoto kwa ulimi, mbele ya wageni, halafu tukatia udhu na kusimama safu ya mbele? Wazazi wenzangu, ikiwa mwaka huu umemwambia mtoto neno kama langu, mwendee leo kabla hujalala, wala usingoje akuzoee tena, kwani atanyamaza kwa adabu nawe utadhani amesahau.

Mimi nilimwendea usiku ule ule, nikamkuta amelala chali taa ikiwaka. Nilimwomba radhi, na nikamwambia kwamba kesho yake nitawaambia wale wageni kuwa nilikosea, na nimewaambia. Alikaa kitako kitandani, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mjomba, naweza kusoma umeme?"

Jumatatu, inshallah, nitamsindikiza Tudor, kwenye chuo kile kile alichokuwa karani Mazrui, tukaulizie kozi ya cheti. Nawaomba mtukumbuke katika dua zenu.