Usiku wa Albamu ya Kwanza ya Taj Mahal

Jana baada ya isha nilizima taa, nikavaa hedifoni, nikaisikiliza tangu mwanzo hadi mwisho albamu ya kwanza ya Taj Mahal, mwanamuziki wa blues wa Marekani, ile yenye jina lake mwenyewe, iliyotolewa na kampuni ya santuri ya Columbia mwaka 1968. Mimi nilimjua kwa kupitia mlango wa uani, kwani sauti yake niliisikia kwanza katika Mkutano, kazi ya mwaka 2005 aliyoifanya na Culture Musical Club, kundi la taarab la Zanzibar, ambamo gitaa lake linakaa kati ya fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, kama mgeni aliyekwisha kuzoea jamvi la wenyeji. Huku nyuma, miaka 37 kabla, namkuta kijana aliyezaliwa Harlem, akakulia Springfield, akasomea ufugaji chuoni, na ambaye kazi nyingi za kundi lake la awali, Rising Sons, zilibaki kabatini hadi mwaka 1992.

Nyimbo ni nane tu, na wake mwenyewe ni mmoja. Tatu ni za Sleepy John Estes, mwimbaji mkongwe wa blues wa Tennessee. Sikubaliani na wanaoona kuimba nyimbo za wazee ni kukosa la kusema. Sisi tuliomsikia Bi Kidude akiimba nyimbo za Siti binti Saad tunajua kwamba wimbo wa kurithi humdai mwimbaji kuliko wimbo wake, maana aliyeutangulia anasikika bado.

Nilikwama kwenye Statesboro Blues. Blind Willie McTell, mwimbaji wa blues wa Georgia, aliurekodi mwaka 1928, peke yake na gitaa lake la nyuzi kumi na mbili, na mwaka huohuo Siti alisafiri kwenda Bombay kurekodi santuri zake. Sulubu hiyo ya mtu mmoja Taj Mahal anaikabidhi kwa bendi nzima: ngoma zinaingia kwa kishindo, na Jesse Ed Davis, mpiga gitaa wa asili ya Kiowa na Comanche kutoka Oklahoma, anatelezesha kidole chenye kichupa juu ya nyuzi hata sauti ikapanda bila kukanyaga ngazi, kama mtu anayeita jina kwa mbali na kulivuta mwisho wake. Ni gitaa hilo lililomfanya Duane Allman, mpiga gitaa wa The Allman Brothers Band, aanze kujifunza mtindo huo, na dakika tatu hivi za wimbo zinatosha kueleza sababu.

Wa kufungia, The Celebrated Walkin' Blues, unakaribia dakika tisa. Hakuna anayeharakisha, mwimbaji anasema neno, anaacha nyuzi zijibu, anangoja, ndipo anasema jingine. Ulipokwisha niliurudia, na mara hii nilihesabu zile nafasi za kungoja badala ya maneno, hadi nikasahau hesabu.