Yai viza upande wa kushoto

"Haya, mwanangu."

Hayo tu ndiyo aliyonijibu, na wiki nzima nayasikia. Niko juu ya ngazi nabadilisha taa nayasikia, natawadha nayasikia. Laiti angenifokea, ningekwishasahau.

Mnamjua: ni yule mzee anayeendesha bagi namba tatu, kigari cha betri cha kubebea wageni, aliyenishikia tochi usiku ule jenereta ilipozima. Mwezi umepita sasa tangu aliponijia karakana, kofia mkononi, akasema, "Fundi, gari langu linanuka yai viza. Kila alfajiri nikichomoa chaja. Upande wa kushoto." Mimi nilikuwa na simu sikioni. Nikamwambia, "Mzee, wewe endesha tu, mambo ya umeme niachie mimi." Akavaa kofia yake. "Haya, mwanangu." Akaenda zake.

Ni mtu wa umri wa baba. Na nimekumbuka baadaye kwamba siku ile hata shikamoo sikumpa.

Jumamosi tumemwoza dada, Jumanne meneja mpya kaingia na kutukusanya wote, ila mimi kichwa kilikuwa chini ya kiti cha bagi. Siku zote za harusi lilikaa bila kuchajiwa, na taa mtu kaziacha zinawaka. Niliporudi kazini nikalichomeka: kimya. Chaja haingurumi, haitoi hata kitaa. Nikasema chaja imekufa, nikaandika ombi la kununuliwa mpya. Halafu ndipo nikaenda kuchukua chaja ya bagi namba moja, ambayo usiku wake ilifanya kazi vizuri, nikajaribu. Nayo kimya.

Moyo ukanipiga. Chaja zetu hizi huonja betri kwanza, na zikikuta volti zimeshuka mno haziwaki kabisa, ukadhani ugonjwa uko kwenye chaja. Bagi lina betri sita za volti nane nane, jumla 48, na zikishajaa na kupumzika mita husoma karibu 51. Yangu ilisoma 33 kasoro. Nikapima moja moja. Tano zilikuwa na volti sita na ushei. Ya sita ilikuwa na 1.4, na ndiyo iliyokaa nyuma, kushoto.

Nikafungua vifuniko vyake vinne, kimoja kwa kila seli, yaani chumba cha ndani. Seli tatu maji yalikuwa yanang'aa juu ya sahani, zile bapa za risasi. Ya nne kavu, sahani ziko wazi, zimepauka kama matumbawe maji yakipwa. Seli moja ikifa hivyo, chaja husukuma umeme usiku kucha ikitafuta volti zisizofika, betri inapata moto, inachemka, inajikausha, na inatoa ile harufu. Mzee aliijua kwa pua kabla yangu mimi mwenye mita. Na harufu ile ni sumu, jamani. Mwezi mzima alikuwa akiinama pale alfajiri kuchomoa chaja, akiivuta, kwa kuwa mimi nilimwambia aendeshe tu.

Sikulala vizuri usiku ule.

Betri mpya sikuitaka hata kama ningepewa. Ukiitia mpya katikati ya kuukuu, zile kuukuu huivuta nayo ikachoka kabla ya wakati wake. Nikang'oa moja kwenye bagi namba tano, lile lililolala kwa ajili ya mota, kwa sababu betri zake na hizi zilinunuliwa siku moja. Vichwa vya betri vilikuwa na ukoko wa kijani na nyeupe. Nikavimwagia maji ya magadi, vikatoa povu na kuchemka hadi madini ya risasi yakaonekana, nikasuuza, nikakausha, nikapaka grisi. Zile tano nikazichaji moja moja kwa chaja ndogo inayorekebishwa volti, siku mbili kamili. Maji safi ya betri niliongeza kidogo tu ya kufunika sahani, mengine nikangoja zijae, maana yakipata moto hupanda na kumwagika na asidi.

Alhamisi usiku nikachomeka chaja ile ile niliyoiita maiti. Ikanguruma. Nilikaa chini sakafuni nikacheka peke yangu, raha niliyoikosa hata kwenye harusi. Asubuhi mita ikasoma 50.8. Ombi la chaja mpya nimelifuta.

Nikampelekea gari mwenyewe, chini ya mkungu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Hakupanda. Aliinua kiti, akainama upande wa kushoto, akanusa taratibu kama mtu anayechagua samaki wa changu dikoni. Akaweka kiganja juu ya betri, akakiacha hapo. "Halinuki," akasema.

"Mzee, siku ile ulisema kweli. Sikukusikiliza. Nisamehe."

Akafuta kiganja kwenye suruali.

"Na kifua chako? Hukohoi?"

"Kifua kizima, alhamdulillahi." Akakaa kwenye usukani, akatazama njia ya mapokezi. "Na mdogo wako wa Maskati, keshapata ile kazi?"

Nikamwambia bado, twamwombea. Alipoondoka ndiyo nikatoa simu. Siku tisa mdogo wangu hajapiga, hata ya dada kuolewa hakuuliza. Ujumbe wangu wa mwisho kwake bado una tiki moja.