Machozi ya Harusini

Mpwa wangu amefukua albamu ya harusi ya wazazi wake, na swali halikukawia: "Anti, ni kweli ulikuwa unamtaka baba?"

Najua aliyemlisha maneno hayo.

Ilikuwa Februari, Nakuru, kabla ziwa halijaanza kufurika. Upepo ulikuwa ukiinua vumbi jeupe la magadi na kulileta hadi mjini. Nilikuwa msimamizi wa dada. Miwani ilipigwa marufuku kwa ajili ya picha, basi nikavaa lenzi alfajiri, kisha nikakalishwa chini ya draya la saluni.

Dada alipofika kwenye "nakukubali", lenzi ya kulia ikanasa. Lenzi laini imejaa maji. Ikikauka hung'ang'ania jicho. Nikapepesa, ikagoma. Nikapepesa tena, kope ikakwaruza kitu kama ukingo wa ukucha. Hapo machozi yakabubujika. Ndiyo vituko vya macho makavu: likichokozwa, jicho humwaga maji matupu yasiyo na mafuta ya kutosha kuyashikilia, nayo huishia mashavuni. Wanja ukashuka nayo. Mchungaji akanyamaza. Bwana harusi akageuka, akanitazama kwa huruma, na mpiga picha, Mungu amsamehe, akabonyeza.

Shangazi akatoka kitini na leso yake, akanikumbatia mbele ya kanisa zima. "Nyamaza, mwanangu. Wako anakuja."

Msalani mmoja akafungua mfereji ili nioshe jicho. Nikakataa: maji ya mfereji yanaweza kuwa na amiba, kijidudu anayeshambulia konea, yaani kioo cha mbele ya jicho, na lenzi humpa maskani. Nikatia matone yangu, nikafumba, nikasugua kope taratibu mpaka ikateleza, ikatoka. Niliporudi, pilau ilikuwa inapakuliwa na hadithi yangu na shemeji imeshaiva, hadi na mwaka tulioachana.

Baadaye daktari wa macho alinipachika kikaratasi kwenye kope la chini kwa dakika 5. Kwa kawaida kinalowa milimita 10 au zaidi. Changu kililowa kidogo mno, akasema machozi yangu hayatoshi. Nikakimbia nyumbani na ushahidi: aliyelia kanisani hana machozi!

Mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama huyo daktari ameoa.