Asubuhi 3,600 za Kawangware

Mjomba ana matatu mbili za kutoka Kawangware kwenda mjini Nairobi. Alikuwa akiwazia mkopo wa kununua ya tatu, na sharti lake lilikuwa moja: ikiwa katika kila asubuhi mia, zaidi ya kumi zinaacha abiria stejini saa mbili ikishapita, atakopa. Nilimwandikia programu. Kila jaribio ni asubuhi moja: abiria wanafika kwa kubahatisha, msongamano wa barabarani nao unabahatishwa, kisha inaangalia kama kuna waliobaki.

Niliiendesha mara 200, ikatoa asilimia 8. Nikairudia bila kugusa herufi, ikatoa 13! Jioni nzima nilitafuta kosa ambalo halikuwapo. Asubuhi 200 zilikuwa chache, basi. Zidisha 0.1 (zile kumi kwa mia za mjomba) kwa 0.9 iliyobaki, gawanya kwa 200, tafuta kipeuo cha pili: unapata kama 0.021, kiasi ambacho jibu huyumba kwa kawaida. Maradufu yake, ambamo majibu mengi huangukia, ni pointi nne za asilimia, juu au chini. "Kopa" na "usikope" yote yaliingia humo.

Nikampigia.

"Mjomba, nikikosea kidogo, ni kiasi gani hakitakusumbua?"

"Asubuhi moja kwa mia, mpwa wangu, si neno."

Hapo ndipo ningeanzia tangu mwanzo. Nikaigeuza hesabu: 4 (mbili ya maradufu, mara mbili) mara 0.09, gawanya kwa 0.0001 (ile moja kwa mia, 0.01 mara 0.01), majaribio 3,600. Kwa kompyuta yangu kila moja ni sekunde, kwa hiyo saa nzima. Nilitamani nusu pointi, ila kupunguza kosa kwa nusu kunadai majaribio mara nne: 14,400, saa nne, kwa uhakika ambao mjomba hakuuhitaji.

Jibu lilikuwa asilimia 11.8. Toa pointi moja na ushee, bado limepita 10, nikakomea hapo. Lingekuwa 10.4 ningekesha.

Kilichoninyima usingizi ni kingine. Nyakati zote nilizitoa kwenye daftari la makanga, wiki mbili za Januari, jua tupu. Hata ningeizungusha programu mara milioni, isingejua mvua ya Aprili inavyoifanya Barabara ya Ngong. Nilimweleza mjomba hivyo hivyo, naye akakubali mkopo usubiri. Makanga amefungua ukurasa mpya daftarini, wa asubuhi za mvua.