Boksi za Babu

Juzi mwanangu kaja na karatasi ya shule, trip ya Tsavo, wanakwenda na SGR mpaka Voi halafu basi lawapokea pale, na chini wameandika kwa herufi kubwa chupa ya maji isiwe ile ya plastiki ya kutupa maana tangu Juni 2020 mbugani hairuhusiwi. Nikaisoma nimesimama mlangoni, nikafika pale palipoandikwa chakula cha mchana kifungwe kwenye boksi, basi, nikakaa chini.

Sisi Tsavo tulienda 2013, na jambo lenyewe, ukiniuliza mimi, lilitokea hata hatujaondoka Kisauni.

Ilikuwa likizo ya Agosti, Idd imepita. Binamu zangu wa Nairobi wameshuka na wao wanataka mbuga ya Maasai Mara, ati nyumbu wanavuka mto miezi hiyo, na kweli wanavuka, lakini Mara kwa mtu wa Mombasa ni Nairobi kwanza, karibu kilomita 500, halafu Narok, halafu bado hujafika, na magoti ya Nyanya twayajua. Mjomba akasema jamani Tsavo Mashariki iko hapa, zaidi ya kilomita za mraba 13,000, mbuga tangu 1948, geti la Bachuma unaingia hata hujafika Voi, na huu ni wakati wa kiangazi, nyasi zimelala, wanyama wanafuata maji, mwataka nini tena? Wakabishana mpaka isha. Nyanya ndiye aliyeyamaliza. Akasema Tsavo ameipita mara nyingi na treni ya zamani, inatoka Mombasa jioni, ikifika huko ni usiku, ameona giza tu, sasa anataka kuona kilichokuwa ndani ya giza lile.

Babu muda wote huo yuko na kahawa yake. Mnamjua Babu, umri wake umeishia jikoni hoteli ya ufuoni kule Bamburi, zamu ya usiku, na kazi kubwa ya zamu ya usiku ilikuwa kufunga boksi za wageni wanaoondoka alfajiri kwenda Tsavo. Akaomba daftari. Akaandika bila kumuuliza mtu: gari liwe mlangoni saa tisa na nusu usiku, alfajiri tuswali Mackinnon Road, pale msikitini penye kaburi la Seyyid Baghali, geti lafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni muwe mshatoka, vitambulisho mkononi maana mwananchi halipi bei ya mgeni, na mtu asivae nyeupe. Kwa nini nyeupe? Akasema taulo. Mgeni akirudi kutoka Tsavo akijifuta uso mara moja tu taulo linakuwa jekundu, madobi wa hoteli walikuwa wanailaani Tsavo kila wiki. Ndovu wa kule pia ni wekundu kwa udongo huo huo, wanajirushia vumbi na kujigaragaza, na hayo Babu alikuwa anayajua, kaambiwa na madereva.

Yaani alikuwa na safari nzima kichwani, saa kwa saa, na geti lenyewe hajawahi kuliona.

Michango, kutafuta nissan, kuzozana nani akae mbele, hayo nayaruka. Nataka niuseme usiku wa kuamkia safari.

Shangazi alitaka tupike pilau sufuria moja tubebe. Babu akakataa katakata, safari ya mbugani kila mtu na boksi lake. Alikuwa amenunua boksi nyeupe, zile za keki, akazipanga mezani mstari mmoja akawa anatembea nazo, mkate kote kwanza, halafu kuku, halafu katlesi, halafu yai. Chumvi na pilipili manga alizifunga kwenye vijikaratasi, anakunja pembe kwa ndani, anapitisha kidole gumba mara moja, imefungika, hata haangalii. Ndizi ikaja juu kabisa, kikonyo kimekatwa kisichome mkate. Mimi kazi yangu kumpokeza tu na nilikuwa simuwahi. Alipofika boksi la mwisho akashika yai akasimama nalo.

"Mjukuu wangu, hivi wakifika kule, hizi huwa wanakulia wapi?"

Sikuwa na jibu. Aliuliza kipishi tu, anataka kujua chakula chake kinaliwa wapi, wala hakuwa na kinyongo, lakini mimi koo lilinikaba. Boksi zote zile, miaka yote ile.

Nikampigia dereva usiku ule ule, kapokea na usingizi wake, lakini akaeleza vizuri: mbugani hushuki garini popote upendapo, kuna pahala maalumu, mojawapo ni Mudanda, jiwe refu zaidi ya kilomita moja na nusu, unapanda juu, na chini yake maji yanajikusanya ndovu wanakuja kunywa. Babu akasikiliza kwa spika mpaka mwisho. Akachukua daftari, akafuta pale alipoandika tutokee geti la Voi, akaandika Mudanda halafu geti la Manyani. Kisha akaliweka lile yai ndani ya boksi akalifunga.

Safari yenyewe ilikwenda. Tuliswali Mackinnon Road, tukaingia Bachuma jua ndio linatoka, bwawani Aruba tukawakuta ndovu, wekundu kweli kweli, Nyanya akawahesabu kwa sauti, akapotea, akaanza upya. Tuliona swala twiga kasimama kwa miguu ya nyuma anachuma majani. Simba hatukumuona. Mudanda tulifika mchana jua kali, maji kidogo, ndovu hakuna hata mmoja, tukala. Babu alimaliza la kwake lote, halafu akayakusanya maboksi yetu akawa anafungua moja moja kuangalia nani kabakisha nini.

Nyanya husema hajawahi kumuona Babu na furaha vile. Mjomba husema hapana, siku ile mzee aliumia, ndiyo maana alinyamaza njia nzima. Mimi ndiye niliyekaa ubavuni mwake, na alichoniambia ni kwamba ndizi zimepondeka zote, joto na barabara, hazifai safari ile, angetia machungwa, na kwamba miaka yote wageni walikuwa wanarudi wanapita pale mapokezi na hakuna hata mmoja aliyemwambia.